Jinsi ya Kuupima Utabiri wa Kiyama Unaoletwa kwa Jina la Sayari

Mwishoni mwa Februari 2025 shangazi yangu, anayekaa mtaa wa Barani hapa Malindi, alinipigia simu baada ya Isha akaniuliza ajaze mapipa mangapi ya maji. Alikuwa ameletewa ujumbe uliopita mikono mingi kabla ya kumfikia, ukisema kwamba Ijumaa ya tarehe 28 sayari saba zingejipanga mstari mmoja, bahari ingepanda, nchi ingetikisika, na wenye akili zao wangehama pwani. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kufunga begi.

"Shangazi, mapipa yangoje kidogo," nilimwambia. "Mwambie mtoto alete daftari."

"Daftari la nini, mwanangu, na watu wanahama?"

"La kuandika wanayoyasema, neno kwa neno, kabla siku haijafika."

Mwongozo huu ni ule tulioufuata usiku huo na siku zilizofuata, pamoja na mambo niliyoyaongeza baadaye kila nilipoitwa barazani kujadili ujumbe wa aina hii. Ninauandika kwa sababu jambo lenyewe limetugusa kwa karibu mno. Kutoka hapa mjini hadi msitu wa Shakahola si mbali, na mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa humo, ya watoto ikiwamo, ya watu walioaminishwa kwamba dunia inafika mwisho na kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumlaki Mola wao. Kanungu, nchini Uganda, mamia walikufa mwaka 2000 baada ya siku waliyotabiriwa kupita bila tukio. Tabiri hizo hazikutaja sayari, lakini zilikuwa na mambo matatu ambayo nimeyakuta katika kila ujumbe wa nyota ulioniletea mtu mwenye hofu: siku ya mwisho iliyo karibu, mtu mmoja anayeijua, na amri ya kutouliza. Anayejifunza kuuliza kuhusu sayari atakuwa amejifunza kuuliza kuhusu hayo mengine pia.

Anza kwa kuandika. Chukua ukurasa mmoja, uandike tarehe ya leo juu, kisha unakili kile kinachodaiwa na ukipitishe katika maswali manne: kitatokea nini, wapi, lini, na kwa kiasi gani. Ujumbe wa shangazi ulijibu swali la "lini" peke yake. Bahari itapanda, lakini haikusemwa ni kwa shibiri moja au kwa minazi miwili. Nchi itatikisika, lakini haikusemwa ni nchi gani, na dunia hii hupata matetemeko ya ukubwa wa 5 na zaidi yapatayo elfu moja na mia kadhaa kila mwaka, yaani matatu au manne kwa siku. Anayesema "kutakuwa na tetemeko" bila kutaja mahali ametabiri jambo lisiloweza kukosekana. Chini ya ukurasa, andika wewe mwenyewe ni jambo gani ambalo lisipotokea utakubali kwamba utabiri umeanguka, na mwenzako mnayebishana naye aandike lake. Msiruke hatua hii hata kama inaonekana ya kitoto, kwa sababu siku ikishapita kila mtu hukumbuka utabiri kwa namna inayoufaa moyo wake.

Hatua ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Uliza: ni lipi kati ya haya lingetokea hata kama ujumbe huu usingeandikwa? Kwa swali hili mtu wa pwani ana mizani ambayo mtu wa bara hana. Tulifungua kalenda tukaona kwamba mwezi ulikuwa unakutana na jua alfajiri ya tarehe 28 hiyo hiyo, nasi sote tulikuwa tukingoja kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Kila mvuvi anajua kwamba mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua, hujaa sana na kupwa sana, ilhali mwezi unapokuwa nusu huwa maji mafu. Juu ya hayo, mwezi ulikuwa unafika mahali pake pa karibu na dunia tarehe 1 Machi, na bamvua za karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba, jua linapovuka ikweta, huelekea kuwa kubwa kuliko za miezi mingine. Kwa hiyo bahari ingepanda kweli. Jedwali la maji kujaa na kupwa, ambalo huchapishwa kabla mwaka haujaanza, lilikuwa limekwisha kueleza saa na kimo, bila kutaja sayari hata moja.

Hatari ya ujumbe ule ilikuwa hapo hasa. Mtu angeshuka ufukweni Ijumaa jioni, akaona maji yamefika mahali ambapo hakuyaona kwa wiki nyingi, akarudi nyumbani ameamini yote mengine. Nilimwomba shangazi tushuke pamoja, yeye akiwa shahidi. Kuna ngazi ya mawe inayoteremka majini, na saa kumi na nusu jioni tulihesabu vidato vilivyobaki juu ya maji. Vilikuwa vinne, naye akaandika "4" katika daftari kwa mkono wake. Mwisho wa Ramadhani, siku za kuamkia Idi, mwezi ulikuwa umekutana na jua tena na umekaribia dunia zaidi ya mara ile. Tulirudi pale pale, tukakuta vidato vitatu. Bahari ilikuwa imepanda kupita ilivyopanda siku ya "kiyama", na hakuna aliyekuwa ametuma ujumbe wowote.

Sasa pima nguvu yenyewe. Anayesema kwamba sayari huvuta bahari hakusema uongo mtupu, kwa kuwa kila kitu chenye uzito huvuta kingine; kosa lake liko katika kiasi, na kiasi chake kinaweza kutafutwa kwa hesabu ya shule. Nguvu inayoinua maji hutegemea uzito wa kinachovuta, lakini hupungua upesi sana kadiri kinavyokuwa mbali: kikiwa mbali mara mbili, hubaki sehemu moja ya nane, kikiwa mbali mara kumi, hubaki sehemu moja ya elfu. Ndiyo sababu jua, pamoja na ukubwa wake wote, linainua maji kwa nguvu isiyofikia hata nusu ya ile ya mwezi. Chukua Zuhura, sayari inayotukaribia kuliko zote. Uzito wake ni kama wa miezi 66, lakini hata inapokuwa karibu kabisa, kiasi cha kilomita milioni 40, iko mbali zaidi ya mara mia kuliko mwezi, ambao uko kilomita 384,400 kutoka kwetu. Mia kwa mia kwa mia ni milioni moja. Gawanya 66 kwa milioni moja na ziada, upate kiasi cha sehemu moja kati ya 17,000 ya nguvu ya mwezi.

Ili shangazi aione hesabu hiyo, nilimwonyesha hivi. Bamvua yetu hapa ina tofauti ya karibu mita 3 kati ya kujaa na kupwa, na sehemu ya mwezi katika hizo ni kama mita 2. Gawanya mita 2 kwa 17,000, na kinachobaki ni zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita. Nilimshikisha ukurasa mmoja wa lile daftari, nikamwambia kwamba huo ndio unene wa maji ambayo Zuhura ingeweza kutuongezea. Mshtarii ni kubwa mno, ina uzito wa miezi zaidi ya elfu ishirini na tano, lakini umbali wake unaifanya ichangie kama sehemu ya kumi ya ukurasa huo. Sayari zote zikisimama upande mmoja kwa heshima kamili, hazifikishi kurasa mbili. Zuhura yenyewe ilitukaribia zaidi karibu na tarehe 23 Machi, wiki tatu baada ya siku iliyotajwa, wakati inapotea katika mwanga wa jua. Aliyeogopa mvuto wa sayari alipaswa kuiogopa tarehe hiyo, na mwandishi wa ujumbe hakuitaja.

Barazani huwa hakukosi mtu wa kuuliza: je, tarehe 26 Desemba 2004, siku ya tsunami, mwezi haukuwa mpevu? Ulikuwa mpevu, na swali ni la haki, maana Kenya ilipoteza mtu siku hiyo na wengi wetu tunakumbuka polisi wakiwaondoa watu ufukweni. Jibu lake lisiwe la kebehi. Tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea karibu na Sumatra kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, pale ambapo bamba moja la ganda la dunia hujichimbia chini ya jingine kwa mamia ya miaka na kukusanya nguvu, kisha mawimbi yakasafiri kiasi cha saa 8 kabla ya kutufikia. Mwezi huwa mpevu mara 12 au 13 kwa mwaka. Ziandike zote katika daftari, halafu ziandike tsunami zote, ulinganishe. Wanasayansi wamechunguza kama mvuto wa mwezi na jua huchochea matetemeko, na wamekuta athari ndogo katika baadhi ya makubwa, isiyoweza kumpa mtu tarehe. Mwambie hivyo aliyeuliza. Ukimficha neno hilo naye akalikuta mwenyewe, hatakusikiliza tena.

Baada ya hesabu, toka nje utazame. Neno "mstari mmoja" huwafanya watu wafikirie shanga zilizotungwa katika uzi, lakini sayari hulizunguka jua karibu katika bapa moja, kama sinia, nasi tumo ndani ya sinia hiyo. Kwa hiyo usiku wowote sayari zinazoonekana hufuata upinde mmoja angani, ule ule wa jua na mwezi. Jioni za mwisho wa Februari 2025 Zuhura iling'aa magharibi, Mshtarii ilikuwa juu kabisa, Mirihi ilikuwa upande wa kaskazini mashariki, na kutoka Zuhura hadi Mirihi palikuwa na zaidi ya nusu ya upinde wa anga. Zohali na Utaridi zilikuwa chini karibu na mwanga wa magharibi, na mbili zilizobaki hazionekani bila darubini au bila kujua pa kutazama. Programu ya bure kama Stellarium itakuonyesha anga la Malindi la siku yoyote iliyopita au ijayo. Ifungue mbele ya mwenzako, uweke tarehe inayodaiwa, kisha uweke tarehe nyingine tatu mlizozichagua bila mpango. Kumbukeni pia tarehe 21 Desemba 2020, Mshtarii na Zohali zilipoonekana karibu kugusana, pakiwa na nafasi isiyofikia robo ya upana wa mwezi kati yao. Kwa kweli zilikuwa zimeachana kwa zaidi ya kilomita milioni 700. Ni kama mashua mbili zinazoonekana kugusana kwenye upeo wa macho, moja ikiwa karibu na mwamba na nyingine mbali katika maji makuu.

Ujumbe ukiwa na tarakimu, shukuru, kwa sababu tarakimu huweza kushikwa. Kila mwaka karibu na Julai huzunguka ujumbe unaosema kwamba dunia inakwenda mbali na jua, kutoka kilomita milioni 90 hadi milioni 152, na kwamba tutapatwa na baridi na mafua hadi Agosti. Tulia na tarakimu hiyo ya kwanza. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, nao hutumia dakika 8 na sekunde kama 20 kutufikia kutoka kwenye jua, yaani sekunde 500. Zidisha, upate milioni 150. Milioni 90 si umbali wa jua wa siku yoyote katika mwaka. Umbali halisi huwa kama milioni 147 mwanzoni mwa Januari na milioni 152 mwanzoni mwa Julai, tofauti ya asilimia 3 na kidogo. Malindi hupoa Julai kwa sababu jua liko kaskazini na kusi linavuma, na aliyezaliwa hapa hakuhitaji ujumbe ili aijue kusi.

Tafuta aliyesema. "NASA wamesema" au "BBC wametangaza" bila tarehe, bila jina la mtu na bila mahali pa kusoma mwenyewe ni sawa na "watu wanasema". Ujumbe mmoja umerudi kwetu kwa miaka mingi: zima simu kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa tisa na nusu, kwa sababu miale hatari kutoka angani itapita karibu na dunia. Haukutaja tarehe, ulisema "leo usiku", na ndiyo maana hauzeeki. Kuhusu miale ya angani, watu wa huku tuna la kujivunia. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa lililoko baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Jamhuri ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Ililazimika kupanda juu kwa sababu hewa yetu huizuia miale hiyo isifike chini. Chombo kilichowekwa ufukweni kisingeona kitu. Hewa hiyo ingali juu yetu usiku huu, simu ikiwa imezimwa au imewashwa.

Hatari ya kweli kutoka angani ipo, nayo hutangazwa kwa namna nyingine kabisa, ambayo mtu akiizoea atapambanua. Mapema mwaka 2025 wanaanga walisema kwamba jiwe la angani lililopewa jina 2024 YR4 lilikuwa na uwezekano wa kuigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Walitoa kiasi: kilifika asilimia 3.1 tarehe 18 Februari, kisha vipimo vipya vikakishusha hadi karibu na sifuri kabla ya mwezi kwisha, nao wakalitangaza hilo pia. Walieleza wanachokijua, kiwango cha shaka, na kitakachobadilisha hesabu yao. Jiwe jingine, Apophis, litapita tarehe 13 Aprili 2029 likiwa kiasi cha kilomita 32,000 juu ya ardhi, chini ya njia ya setilaiti nyingi za televisheni, na hesabu zinaonyesha kwamba halitatugonga kwa angalau miaka mia. Ukilinganisha maneno hayo na "tubuni kabla ya Ijumaa, sambaza kwa watu kumi", utaona ni nani anayekubali kukosolewa.

Kagua pia historia ya madai yenyewe. Mwanahistoria Ibn al-Athir ameandika kwamba katika mwaka 582 wa Hijria, yaani 1186, wanajimu walitangaza kuwa sayari zingekutana katika buruji (kundi la nyota) ya Mizani na kwamba upepo mkali ungeiharibu nchi. Usiku ulipofika hapakuvuma hata upepo wa kuwatosha wakulima kupepeta nafaka zao. Huko Ulaya ilitangazwa gharika ya Februari 1524 kwa sababu sayari zilikutana katika buruji ya Hutu, yaani Samaki. Mwaka 1974 wanasayansi wawili, John Gribbin na Stephen Plagemann, waliandika kwamba mpangilio wa sayari wa mwaka 1982 ungeweza kuchochea tetemeko kubwa California. Mwaka ulipita, na Gribbin baadaye akaikana hoja yake, jambo ambalo ninamheshimu kwalo. Kisha ikaja tarehe 5 Mei 2000, nayo ya sayari kujipanga, kisha Nibiru, sayari ya kubuni iliyodaiwa kwamba ingeiangamiza dunia mwaka 2003, na tarehe yake ikahamishiwa 21 Desemba 2012. Anayeleta tarehe mpya aulizwe kwa upole ni kipi katika dai lake ambacho hakikuwamo katika hizi.

Usiruhusu mjadala ukuvute hadi useme kwamba wazee wetu hawakujua nyota. Walijua, na elimu yao ilipita mtihani huu huu. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua", kilimia kikiwa kundi la nyota, ni utabiri uliotajwa waziwazi, wenye wakati na jambo la kutazamwa, na kila kizazi cha wakulima na manahodha kilipata nafasi ya kuukagua mwaka hadi mwaka. Rubani aliyetoka Malindi mwaka 1498 kuwavusha Wareno hadi Calicut alitegemea elimu ya nyota, na kosa lake lingeonekana kwa kila aliyekuwa chomboni.

Kwa mtu wa dini, usianze na Zuhura. Shangazi alitulia zaidi nilipomkumbusha kwamba siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake, na Mtume mwenyewe akiwa na majonzi ya mzazi akawakataza: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Jirani yake Mkristo, aliyekuwa amekaa nasi, aliongeza Mathayo 24:36, kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Wote wawili walikuwa na jibu katika vitabu vyao kabla sijafika na hesabu zangu. Mzee akishikilia ujumbe wake, usimbishie mbele ya wajukuu, mwamkie, kaa chini yake, umwombe akusomee mwenyewe kwa sauti, polepole, ukiuliza "lini, ami?" na "wapi, ami?" pale sentensi inapoishia. Mara nyingi husita mwenyewe kabla hajafika mwisho. Palipo na mtu anayeuza mali yake, anayekataa chakula au anayemwachisha mtoto dawa kwa sababu ya tarehe, acha mjadala, ita jamaa, na mkihofia uhai wa mtu mwendee chifu au polisi siku hiyo hiyo.

Siku iliyotajwa ikipita, rudini kwenye ukurasa pamoja, mwandike kilichotokea mbele ya kila dai, hata pale ambapo utabiri umepatia. Shangazi aliweka alama ya ndiyo mbele ya "bahari itapanda", akaandika pembeni "bamvua", kisha akaweka mikato mbele ya mengine yote.

Ukurasa unaofuata katika daftari lake tayari una kichwa. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa kuanzia Hispania kupitia Misri na Makka hadi pembe ya Somalia, kwa muda usiozidi dakika 6 na sekunde 23 mahali penye giza refu kuliko pote, na Malindi tutaliona limemegwa sehemu tu. Ujumbe wa dunia nzima kuingia gizani kwa dakika 6 ulikwisha kuzunguka mwaka 2025, ukiwa umekosea mwaka na umekosea mahali, nao utarudi. Chini ya kichwa hicho ameacha nafasi ya kunakili utakavyosema, na amemwagiza mjukuu wake atafute mapema miwani maalumu ya kutazamia jua, kwa sababu miwani ya kawaida hailindi macho.